Kutoka dala hadi mwendokasi: kwa nini maneno mengine ya mtaani yanadumu na mengine yanazimika?

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Humu jamvini kuna waliogombania milango ya UDA, yale mabasi ya shirika la usafiri Dar es Salaam, na kuna waliokua wakati mwendokasi, mabasi yaendayo haraka, imeshaanza, kwa hiyo naamini uzi huu utapata wachangiaji wa kila rika. Nataka tuzungumzie maneno ya mtaani, na hasa swali moja ambalo halinitoki kichwani. Kwa nini neno moja linatamba miaka miwili mitatu kisha linazimika, na jingine lililozaliwa kijiweni hapohapo linaingia kwenye taarifa ya habari na kwenye matangazo ya serikali, mpaka watu wanasahau kwamba lilianza kwa makonda?

Tuanze na daladala, maana hilo historia yake iko wazi. Zamani shilingi tano iliitwa dala. Mwaka 1983, UDA ikiwa imezidiwa kabisa na watu wanashinda vituoni, serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi yafanye kazi Dar es Salaam. Nauli ikawa dala moja, na makonda wakawa wanaita mlangoni "dala, dala!" Basi likabatizwa jina la nauli yake.

Angalieni kilichofuata. Nauli ikapanda mara kumi, mara mia. Sarafu ya shilingi tano ikapotea mifukoni. Neno dala lenyewe likafa. Mtajie kijana wa leo, atadhani umekosea kutamka dola. Lakini daladala ipo, na nguvu imeongezeka. LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, wakitangaza nauli mpya wanaandika daladala bila kuona haya. Mwanza wanasema daladala, Mbeya daladala, ukivuka maji Unguja unaikuta inakungoja.

Hela nayo ni hivyohivyo, ila yenyewe ni ya zamani zaidi. Wajerumani walipobadilisha mfumo wa fedha katika koloni lao mwaka 1904, rupia moja ikagawanywa kuwa hela 100. Kabla ya hapo rupia hiyohiyo ilikuwa pesa 64. Hizo zote mbili, pesa na hela, zilikuwa sarafu za chini kabisa, za kununulia vitu vidogovidogo gengeni. Koloni lenyewe likavunjika kwenye vita ya kwanza ya dunia, rupia ikaondolewa, shilingi ikaja mwanzoni mwa miaka ya 1920. Hapakuwa tena na hela yoyote ya kushika mkononi. Na bado leo Mtanzania akiwa na bilioni benki, tunasema ana hela. Jina la sarafu duni kuliko zote limegeuka jina la utajiri wote. Binafsi kila nikilifikiria hili nashangaa upya.

Sasa njooni karibu, kwenye mkono wa konda. Mmeshamwona anavyopanga noti, amezikunja kwa urefu na kuzibana katikati ya vidole, na kiganja kilekile kinachezesha sarafu ili ujue ni zamu yako kulipa. Kwenye mkono huo kuna kamusi nzima. Buku ni elfu moja. Jero ni mia tano. Buku jero ni elfu moja mia tano, hakuna haja ya kuongeza neno. Mwekundu wa Msimbazi, au Msimbazi tu, ni elfu kumi, kwa sababu noti ile ni nyekundu na Simba wenye jezi nyekundu makao yao yapo Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo.

Jero imenifundisha kitu. Mwaka 2014 Benki Kuu ilileta sarafu ya shilingi 500, na noti ile ikaanza kutoweka. Noti ya karatasi laini, iliyochakaa mpaka maandishi hayasomeki, ikageuka chuma. Kama jina lingekuwa limekaa kwenye karatasi, lingeondoka nayo. Halikuondoka. Siku sarafu ilipoingia mtaani ikakuta jina linaisubiri, kwa kuwa jero ilikuwa imeshakaa kwenye thamani. Msimbazi hali yake ni tofauti. Hilo limeshikwa na rangi. Benki Kuu wakiamka siku moja waitie noti ya elfu kumi rangi ya kijani, sidhani kama jina litavuka mwaka.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu, wakuu. Neno la mtaani huzaliwa likiwa limefungwa kwenye kitu fulani unachoweza kukionesha kwa kidole: nauli, sarafu, gari, mtu, utawala. Likibaki limefungwa, kitu kikiondoka nalo linaondoka. Likikatwa kitovu mapema, linaanza maisha yake, na linaweza kumzika hata aliyelizaa.

Mfano wa gari. Difenda. Polisi walikuwa na Land Rover Defender, na watu wakasema "amepakiwa kwenye difenda." Leo pikapu nyingi za polisi ni Land Cruiser, na mtaani bado ni difenda. Hakuna anayesema amepakiwa kwenye Land Cruiser. Neno limeacha kutaja kiwanda, linataja shughuli.

Kuna jingine ambalo nalipenda kuliko yote, kupiga debe. Debe la bati, lile la mafuta ya taa, ambalo baadaye likawa kipimo cha mahindi sokoni. Mpiga debe akawa yule anayesimama stendi, anapiga bodi ya basi kwa kiganja na kutaja safari. Halafu wanasiasa wakaingia. Leo unasoma gazeti lenye heshima zake, "waziri ampigia debe mgombea," na mhariri haweki hata alama za mnukuo. Waziri huyo hana debe, hayupo stendi, na hakuna basi.

Tofauti yake ni maneno ya zama, yale yaliyofungwa kwenye utawala. Hebu tazameni namna tulivyosema hatuna hela. Enzi za Mzee Mkapa, kati ya 1995 na 2005, mtu alisema ana ukapa. Enzi za Kikwete tukawa tumefulia. Alipoingia Magufuli mwishoni mwa 2015 na matumizi ya serikali yakabanwa, vyuma vikakaza. Hali ni ileile, mfuko ni uleule mtupu, lakini kila awamu ilikuja na neno lake. Ukapa limeondoka kabisa, maana lilikuwa limebeba jina la mtu. Kufulia linasikika bado, ingawa si sana. Vyuma vimekaza naona linajaribu kujikwamua, kwa sababu wapo wanaolitumia sasa kwa mambo yasiyohusu pesa, hata mechi ngumu.

Wakubwa zangu, leteni ya kwenu. Naomba sana waliokuwa Dar kabla ya 1983 wasikae kimya, maana maneno yao hatuyapati popote.

Mdau, Nairobi

Hii mada imenigusa bwana. Huku kwetu hadithi ni ileile, ni mtoto na pacha wake. Matatu jina lake limetoka kwa nauli, senti thelathini, yaani zile sarafu tatu za senti kumi. Mwaka 1973 Mzee Kenyatta akayaruhusu yabebe watu kihalali. Leo ukitoka Rongai jioni na mvua inanyesha, hizo senti thelathini hata mtoto hawezi zijua, lakini matatu ni matatu. Na vijana hawajaliacha jina lipumzike: mara mathree, mara mat, na ile imechorwa kila mahali na ngoma inatetemesha vioo ni nganya.

Kwa pesa nawapa orodha yetu mjionee. Kobole ni tano. Ashu ni kumi. Mbao ni ishirini. Chwani ni hamsini. Soo ni mia. Rwabe ni mia mbili. Jirongo ni mia tano. Thao au ngiri ni elfu.

Sasa hapo kwa jirongo ndio nataka kukupinga kidogo, ndugu mleta mada. Umesema neno likibeba jina la mtu linakufa naye kisiasa. Jirongo ni mtu. Cyrus Jirongo aliongoza Youth for KANU '92, lile kundi lilikuwa likimfanyia Moi kampeni kwa uchaguzi wa 1992, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu iondolewe Section 2A, kile kifungu cha katiba kilichoruhusu chama cha KANU peke yake. Pesa ilimwagwa, na noti ya mia tano ikaitwa kwa jina lake. Uchaguzi uliisha. Kundi likavunjwa. Noti imebadilishwa sura, zile za 2019 hazina hata picha ya rais. Na mtoto aliyezaliwa 2005 bado anajua jirongo ni mia tano, bila kujua kulikuwa na mtu.

Kwa hivyo jina la mtu pekee yake haliui neno. Nafikiri ukapa lilikufa kwa sababu nyingine.

Mzee wa Magomeni

Vijana, mmefanya vizuri kutukumbuka.

Kabla ya daladala tulikuwa na chai maharage. Ni magari ya watu binafsi, pikapu na malori madogo, viti vimepangwa ubavuni, abiria mnakaa mnatazamana goti kwa goti. Yalikuwa yakibeba watu kwa kificho, maana ruhusa ilikuwa ya mabasi ya shirika tu. Ukipanda ulijua kabisa kuwa polisi akisimamisha, nyote mnakuwa ndugu mnaokwenda msibani. Jina hilo lilikufa mara daladala ziliporuhusiwa. Mleta mada hapo nakuunga mkono: lile lilikuwa jina la namna ya kukaa ndani ya gari, na yalipokuja mabasi madogo yenye viti vya kutazama mbele, jina likakosa pa kukaa. Baadaye vikaja vipanya, zile Hiace. Navyo vimeondoka barabara kubwa na jina lao.

Sarafu nazo. Sisi senti hamsini tuliita thumni. Ni Kiarabu, maana yake sehemu ya nane, kwa sababu hapo zamani za riale ilikuwa kweli ni moja ya nane ya riale. Mimi nimeitumia thumni utoto mzima na riale sijawahi kuishika. Kwa hiyo jambo hili la jina kubaki baada ya hesabu yake kuondoka mababu zetu nao walilifanya.

Dada muuza nguo, Ilala

Shikamoo mzee wa Magomeni. Na wengine wote habari zenu.

Mimi naleta la kwenye biashara yangu. Hizi nguo tunazouza, mama yangu alikuwa akiziita kafa ulaya. Yaani mwenyewe amekufa huko Ulaya, nguo zimeletwa huku. Mama anasema ilikuwa aibu kuonekana unachagua. Ulikuwa unavaa, ukiulizwa unasema umeletewa na shangazi.

Leo hakuna mteja wangu anayesema kafa ulaya. Wote wanasema mtumba. Mtumba ni mzigo uliofungwa, ndivyo nguo zinavyokuja, zimebanwa kwa mikanda mpaka zinakuwa ngumu kama tofali. Siku ya kufungua belo, mnafika alfajiri. Yule mwenye mzigo anakata mkanda, nguo zinafura, na sekunde hizo ndizo zinazoamua umepata nini, maana wenzako nao mikono imeshaingia. Chaguo la kwanza unalishika kifuani, huliweki chini hata uitwe.

Sababu ya mtumba kushinda kafa ulaya naiona hivi. Kafa ulaya ilikuwa inamsema mvaaji. Ilikuwa inakuonesha kwamba wewe ni wa kuvaa cha marehemu. Watu walipokuwa wengi wanaovaa, hakuna aliyetaka kusemwa tena, likapatikana neno lisilomgusa mtu. Na sasa mtumba limetoka nje ya nguo kabisa. Friji la mtumba, gari la mtumba, kompyuta ya mtumba. Nimesikia kwenye kikao cha harusi kamati inasema kadi za mwaka jana ni wazo la mtumba.

Angalieni pia mama ntilie na mama lishe. Mama ntilie lilikuwa la wateja wenyewe, mtu ameshika sahani anasema "mama, ntilie." Kisha wakubwa wakaona halina heshima, wakaleta mama lishe. Kwenye mikutano utasikia mama lishe, lakini saa saba mchana njaa ikiuma, mtu anasema anaenda kwa mama ntilie.

Mdau, Arusha

Naheshimu michango yote ila naona tunazungumzia upande mmoja. Kuna maneno yalitengenezwa yasieleweke. Hayo hayafi kwa sababu kitu kimeondoka, yanakufa kwa sababu yamejulikana.

Polisi ameitwa njagu, ameitwa ndata. Bangi imeitwa msuba, ndumu, mjani, kijiti, na mengine ambayo sitayaandika. Bangi haijaondoka wala polisi hajaondoka. Kwa nini majina yanabadilika kila baada ya muda? Kwa sababu mama mwenye nyumba ameshajua ndumu ni nini. Neno likishafika kwa mama mwenye nyumba, vijiweni limekwisha, wanatafuta jingine. Kwa hiyo hoja ya kitovu haifanyi kazi hapa.

Mleta mada

Wakuu, mmenipa kazi, na nimefurahi sana. Nijibu kwa mpangilio ninaouona.

Ndugu wa Nairobi, jirongo nalikubali na linanilazimisha nifikiri zaidi. Nadhani tofauti iko hapa: jirongo lilikaa kwenye noti ya mia tano, kitu ambacho mtu anakishika kila siku na anahitaji neno fupi la kukitaja. Hata mwenye jina akiondoka kwenye siasa, kazi ya neno inabaki. Ukapa halikuwa na kazi ya peke yake. Lilikuwa ni lalamiko, na kila utawala unataka lalamiko lake jipya. Kwa hiyo natengeneza upya hoja: neno linadumu pale ambapo limepata kazi ambayo hakuna jingine linaifanya vizuri zaidi. Daladala lina kazi hiyo. Jero pia, na jirongo.

Hata uchakachuaji tunaweza kuupima hivyo. Mwaka 2010 lilikuwa neno la vituo vya mafuta, watu walikuwa wakichanganya dizeli na mafuta ya taa, mpaka EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, wakaanza kuweka vinasaba, yaani alama ya kutambua mafuta halali, kwenye mafuta. Mwaka huohuo tukaingia kwenye uchaguzi mkuu, na kabla ya kampeni kwisha kila mtu alikuwa anasema kura zisichakachuliwe. Lilitoka kwenye tanki la lori hadi sanduku la kura kwa miezi michache. Kwa nini lilishika haraka hivyo? Wizi wa kura tulikuwa na neno lake, kuiba. Lakini kuiba ni kuchukua na kuondoka. Kuchakachua ni kuacha kitu pale pale, kwa chombo kilekile, kikiwa si chenyewe. Hakukuwa na neno jingine la jambo hilo, na mpaka leo tunasema maziwa yamechakachuliwa na asali imechakachuliwa.

Fisadi pia. Watu wa pwani wa zamani walimwita fisadi mtu mharibifu, hasa anayeharibu wake na mabinti wa watu. Septemba 2007, Dk. Willibrod Slaa, mbunge wa upinzani, akasimama viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, akasoma majina ya aliowaita mafisadi. Tangu siku hiyo, ukisema fisadi hakuna anayefikiria mambo ya chumbani. Fedha za umma zimelichukua neno moja kwa moja, na maana ya zamani imebaki kwa wazee.

Mdau wa Arusha, umesema kweli kabisa na sina cha kupinga. Maneno ya kificho yana sheria yake, na sheria hiyo ni kinyume cha haya mengine: ufanisi ndio unaoyaua. Naongeza tu kwamba hata salamu zimepita humo. Mambo, poa. Zilipoanza zilikuwa za vijana na zilikuwa na ladha ya kujitenga na wazee. Sasa mtalii anashuka KIA ameshajifunza poa kwenye ndege. Na ndiyo maana vijana wameshahama, mara freshi, mara mzuka, mara shwari. Poa imebaki kama neno la kila mtu, ambalo ni mafanikio makubwa, lakini si la kijiweni tena.

Dada wa Ilala, hilo la kusema mvaaji na kutomsema sikuwahi kuliwaza. Naomba wengine mliangalie, maana linaweza kueleza mengi. Nadhani machinga imepita njia hiyo. Kuna wanaosema limetoka kwa Wamachinga wa Lindi, vijana wa kusini waliokuja mjini kuuza bidhaa mkononi. Awali lilikuwa na dharau ndani yake. Leo kuna jengo la Machinga Complex pale Ilala, na mwishoni mwa 2018 rais alitoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, na nchi nzima ikaviita vitambulisho vya machinga. Dharau imeisha kwa kuwa wenyewe walilipokea na kulitumia kujitetea.

Mdau wa Kurasini

Wazee, bila kuzungumzia bandari mnaonea uzi huu.

Msela. Wengi wanadhani ni neno lililoanguka tu kutoka mbinguni. Limetoka kwenye sela, yaani baharia kwa Kiingereza. Sisi tuliokulia karibu na bandari tulikuwa tunawaona vijana wanaokaa wakizitazama meli, siku moja hayupo, miezi inapita, unasikia yuko Ugiriki au yuko Bondeni, yaani Afrika Kusini. Wengine hawakurudi wala hawakusikika, na mama zao bado wapo mitaa ile. Huko ndiko usela ulikotoka: mtu asiye na mzigo, hana mke, hana samani, anaishi geto, kesho anaweza kuwa popote. Baadaye kila kijana akawa msela, hata ambaye hajawahi kugusa maji ya chumvi, na kuishi kisela ikawa ni kuishi bila mke.

Kuzamia ndiyo shughuli yenyewe. Kuzamia meli, kujificha kwenye mzigo mpaka muwe bahari kuu. Watu walikufa kwenye kazi hiyo. Leo kijana anasema "tumezamia harusi," wamekula pilau bila kadi, na anacheka. Neno limekuwa jepesi. Silalamiki, ila nikilisikia huwa nawakumbuka wa kwanza.

Na sasa, miaka hii ya karibuni, mitandaoni wameleta baharia. "Mabaharia hatulali." "Baharia kaachwa." Maana yake ni msela, ileile, mwanaume wa mihangaiko mwenye akili ya kujiokoa. Tulimtoa kwa Kiingereza tukamfanya msela, msela akazeeka akawa baba wa watu, na wajukuu wakamrudisha kwa Kiswahili chake. Nina hakika wengi wanaoandika baharia hawajui kwamba msela alikuwa baharia. Wamefika palepale kwa njia yao.

Mdau, Mwanza

Niongeze la simu kwa haraka. Kubipu. Kupiga simu kulikuwa ghali, unampigia mtu inaita mara moja, unakata, mwenye salio apige. Siku hizi na bando na WhatsApp nani anabipu? Lakini ukimchokoza mtu anakwambia "usinibipu, nitakupigia," na unajua maana yake ni ugomvi. Kubipu kwenyewe kunakufa, onyo limebaki. Halafu mwendokasi: lilikuwa kosa la barabarani, ajali zote zilisababishwa na mwendokasi. Tangu Mei 2016 ni basi, na watu wanalipanga foleni.

Mzee wa Magomeni

Nimesoma yote. Bwana wa Kurasini, mtaa wetu nao ulitoa wawili waliozamia, mmoja alirudi.

Mleta mada ameomba maneno ya kabla ya 1983, nitaleta mengine nikikaa na wenzangu baada ya alasiri, maana kumbukumbu ya mmoja haitoshi. Ila kuna moja nalitoa sasa hivi. Magendo. Miaka ile ya kupanga foleni ya sukari na sabuni, magendo ilikuwa kila kitu kilichopatikana nje ya duka la ushirika. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine alipoendesha msako wa wahujumu uchumi, watu walitupa bidhaa usiku, maboksi ya sabuni na vitenge vikakutwa mitaroni. Mlanguzi lilikuwa jina la kukutia ndani. Alipokuja Mzee Mwinyi mwaka 1985 akafungulia biashara, tukamwita Mzee Ruksa, na mlanguzi yuleyule, duka lilelile, akaanza kuitwa mfanyabiashara.

Hapo neno halikubadilika maana, wala kitu hakikuondoka. Sheria ndiyo iliyogeuka, na mtu akaamka ana jina jingine. Hilo nalo liwekeni kwenye hesabu zenu.